Mifupa Minne ya Shimo la Osiri

Kaka yangu alinipigia simu asubuhi ya Jumanne, nikiwa nimekaa kwenye meza ya kupanga mifupa kambini kwetu, chini ya Mlima Homa. Hakunisalimu. Alisema shimo wanalochimba dhahabu huko Osiri limetoa mkono wa mtu.

Nilimwuliza mkono wa namna gani. Akasema ni mifupa ya vidole, vinne, imelala sambamba ndani ya changarawe, na kwamba wachimbaji wote wamepanda juu na hakuna anayetaka kushuka tena. Naibu wa chifu alikuwa amefika. Polisi walisema watakuja, lakini hawakusema lini. Katika kungoja huko mtu akauliza kama kuna yeyote anayejua mambo ya mifupa, na kaka yangu, bila kunishauri, akajibu kwamba dada yake anayajua.

"Usiniambie huwezi," akasema. "Nimeshasema mbele ya watu."

Nilitaka kumwambia siwezi. Sina cheti cha kazi hii. Niliingia kambini nikiwa mwosha vyombo, nikiwapikia na kuwaoshea sahani watafiti wanaokuja kila mwaka kutafuta mifupa ya kale kwenye makorongo yetu. Msimu mmoja mtu wa chekeche aliugua, nikashika nafasi yake, na siku ya pili nikaona jino dogo kama punje ya mahindi ambalo wengine walikuwa wamelipita. Tangu hapo sikurudi jikoni. Sasa nasafisha, nagundisha vilivyovunjika, na kupanga kila kitu kwenye trei yake: kiboko huku, swala kule, nyani, mamba. Trei ninayoipenda kuliko zote ni ya jamii ya mbwa, yaani bweha na mbwa mwitu wa zamani. Mifupa yao ni michache na myembamba, huvunjika upesi, na kwa sababu ni michache hakuna aliyekuwa na haraka ya kunifundisha. Nilijifundisha mwenyewe.

Nilijifundisha kwa mbwa wetu. Aliumwa na nyoka akafa, nikamzika nyuma ya jiko. Baada ya mwaka na zaidi nikamfukua, nikaosha mifupa yake mmoja mmoja, nikaianika juu ya gunia. Mama mkwe akanikuta. Kwetu, mwanamke aliyeolewa akionekana anafukua mifupa na kuianika, kuna neno watu humwita, na neno hilo likishakushika halikutoki. Mama mkwe hakulisema. Alikaa wiki nyingi bila kunisemesha, na mume wangu akaniomba niitoe ile mifupa nyumbani. Nikaitia kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, nikaipeleka kambini. Kwa katoni hiyo nilijua kila mfupa wa mbwa hata macho yakiwa yamefumbwa.

Jumanne ile niliibeba.

Njia nzima nilijaribu kukumbuka nilichokijua, na kadiri nilivyojaribu ndivyo kilivyonitoroka. Kitu kimoja tu kilikataa kutoka kichwani, na hicho ndicho nilichotaka kukisahau. Miaka miwili nyuma nilikuwa nimeandika "bweha" kwenye karatasi ya mfupa mmoja mwembamba wa wayo, nikauweka kwenye trei yangu kwa fahari. Mtafiti mkuu alipopita aliuchukua, akaugeuza taratibu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ule ulikuwa mfupa wa kiganja cha nyani mchanga. Hakunikaripia. Lakini nilielewa nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa nimeshika mkono, nikauita mguu wa mbwa.

Osiri nilifika adhuhuri. Mashine za kusaga mawe zilikuwa zimezimwa, na kwa mtu anayeijua Osiri, ukimya ule peke yake ulitosha kumtia hofu. Wachimbaji walikaa juu ya malundo ya udongo wakiangalia kamba tupu ya shimo. Kaka yangu alinipokea katoni bila kuniuliza ndani kuna nini. Kazi yake ilikuwa kushikilia kamba na kuwateremsha wenzake, kwa hiyo alilijua lile shimo kuliko wote.

Pembeni, juu ya karai lililopinduliwa, aliketi mama mmoja wa umri wa mama yangu. Alikuwa na shuka nyeupe mapajani, imekunjwa vizuri. Kaka yangu alinieleza haraka, akiangalia chini. Hatua chache kutoka pale kulikuwa na shimo la zamani lililoporomoka miaka minne iliyopita. Wanaume waliofukiwa walitolewa wote isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alikuwa mtoto wa mama huyu, mtu mzima mwenye mke. Shimo lilijaa maji, kisha likafukiwa, na watu wakahamia kuchimba jirani. Asubuhi ile mtu alimpigia simu mama huko kwao Muhuru Bay, ambako huanika na kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, akamwambia aje, mkono umepatikana.

"Nani alimwambia?" nikauliza.

Kaka yangu akaihamisha katoni mkono huu hadi ule. Nikajua ni yeye.

Kabla sijafika kwenye mifupa, mwenye shimo alinivuta kando. Alikuwa mtu mpole wa sauti, hata nilipokuwa nikimwogopa nilikiri hivyo. Alisema anajua mimi ni mtaalamu na hataki kunifundisha kazi. Alisema watu wengi wanapata chakula kutoka shimo lile, akiwemo kaka yangu. Kisha akasema alichokuja kusema.

"Dada, sema ni mbwa. Hata kama huna hakika, sema ni mbwa."

Mpaka leo sijui alilitoa wapi neno mbwa. Labda ni mnyama wa kwanza aliyemjia akilini. Lakini liliniharibia kila kitu. Kama ingekuwa ni mbwa kweli, ningewezaje kujua kwamba nimeiona mwenyewe, na si kwamba nimeambiwa niione?

Mifupa ilikuwa imewekwa juu ya kipande cha bati.  Minne, myembamba, kila mmoja karibu urefu wa kidole changu cha kati, yenye rangi ya chai isiyo na maziwa. Aliyeitoa alikuwa ameipanga kama alivyoikuta, miwili ya katikati mirefu, miwili ya pembeni mifupi kidogo, imebanana. Ilikuwa kama sehemu ya juu ya kiganja, pale mishipa inapoonekana. Nilitazama mkono wangu, nikatazama bati, nikauficha mkono nyuma yangu kwa sababu watu walikuwa wamenizunguka.

Mfupa wa kiganja cha mtu, upande wa kidole, una kichwa cha mviringo kilicho laini. Ukikunja ngumi unakigusa kupitia ngozi. Nyani naye ni hivyo hivyo. Mfupa wa mnyama wa jamii ya mbwa una kichwa kinachofanana na hicho kwa mbele, lakini kwa nyuma kina ukingo mwembamba katikati, umesimama kama mstari wa suruali iliyopigwa pasi. Ukiona ukingo huo, mjadala umekwisha. Tatizo ni kwamba vichwa vyote vinne vilikuwa vimeshikwa na mchanga uliokauka ukawa mgumu kama saruji. Hakukuwa na ukingo wala ulaini. Kulikuwa na madonge tu.

Nilimwambia naibu wa chifu kwamba nitahitaji muda. Nikakaa chini, nikatoa brashi yangu na sindano ndefu, nikaanza kuchokonoa punje baada ya punje. Ukiharakisha, unaondoka na mfupa pamoja na mchanga. Mfupa wa kwanza ulipotoka kwenye donge lake nilikuta kichwa kimevunjika zamani, hakipo. Nikauweka chini. Mtu nyuma yangu akasema kwa Kiswahili kwamba huyu mama hajui kitu. Pale mgodini wote waliongea Kiswahili, kwa kuwa kulikuwa na Waluo, Wakuria na watu kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo kila neno nililisikia na kila mtu alilisikia.

Nilichukua wa pili. Nadhani nilikaa nao saa nzima. Kuna wakati nilikuwa na hakika naona ulaini, kitu cha mviringo kinachotokeza kama kifundo cha mtu, na jasho likaniingia machoni. Niliacha, nikajifuta, nikakunywa maji. Niliporudi nikauanza kwa upande wa nyuma. Sindano ikagonga kitu kilichosimama. Nikafuata ule mstari polepole mpaka ukafunguka wote, mwembamba, mkali, katikati kabisa ya kichwa.

 Nilisafisha wa tatu, ukaonyesha ukingo, nikasafisha wa nne, nao ukaonyesha. Ndipo nikafungua katoni. Nilisikia watu wakirudi nyuma kidogo walipoona kilichomo. Nikatoa mifupa minne ya mguu wa mbele wa mbwa wetu, nikaipanga juu ya bati kando ya ile ya shimo. Ile ya shimo ilikuwa mirefu na minene zaidi, lakini ilikuwa ni kitu kimoja, kama mashati mawili ya saizi tofauti yaliyokatwa na fundi mmoja.

Nilimwita yule mama. Nikamwomba aweke kidole chake kwenye ukingo wa mfupa mmoja, kisha wa mwingine, kisha akunje ngumi aguse kifundo chake mwenyewe. Alifanya yote niliyomwambia. Nilizungumza naye Kijaluo, kwa sababu jambo lile sikuweza kumwambia kwa lugha ya sokoni.

"Hii ni ya mnyama, mama. Mnyama wa jamii ya mbwa."

Aliangalia bati tena. "Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "amekaa miaka minne chini ya mawe. Mifupa haiwezi kupindika? Haiwezi kubadilika?"

Lilikuwa swali zuri, na sikuwa nimelitarajia. Mfupa haubadiliki kiasi hicho kwa miaka minne, lakini kwa nini aniamini mimi? Kambini tuna njia ya haraka ya kupima kama mfupa umegeuka jiwe: unaugusa kwa ulimi. Wa kale hunata. Niliwaza kuuwekea ulimi mfupa ambao yeye bado aliuona kuwa mkono wa mtoto wake, mbele ya macho yake, na sikuweza. Nikamwendea mama aliyekuwa anauza chai, nikamwomba makaa yake.

Nilipasha sindano moto mpaka ikawa nyekundu. Kwanza nikaigusisha mfupa wa mbwa wetu. Ukatoa moshi mwembamba, na harufu ya nywele zinazoungua ikatufikia wote. Nikaipasha tena, nikaigusisha mfupa wa shimo. Hakuna moshi uliotoka. Nikausogeza karibu na pua ya yule mama ili anuse mwenyewe. Nikamweleza kwamba mfupa wa kitu kilichokufa juzijuzi, au mwaka jana, au miaka minne iliyopita, bado una kitu cha mwili ndani yake, na kitu hicho huungua. Huu haukuwa nacho tena. Ulikuwa umekuwa jiwe kabla babu ya babu zetu hajazaliwa.

"Basi si yeye," akasema.

"Si yeye, mama."

Nyuma yetu watu walianza kuongea kwa sauti, na mwenye shimo akaagiza kamba iangaliwe. Nilijisikia mwepesi kwa muda mfupi sana, labda kwa pumzi mbili. Kisha nikamwona yule mama. Alikuwa amefungua shuka yake na anaikunja upya, ingawa ilikuwa imekunjwa.

"Baba yake nimeshamwambia tumempata," akasema. "Ameanza kuchimba kaburi."

Nilikuwa nimehangaika mchana wote nikiogopa kumwambia kwamba ni mtoto wake. Sikuwahi kufikiria kwamba angeumia nikimwambia siye. Alikuja na kitu cha kumbebea. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne alikuwa na mahali pa kumlaza, na mimi, na sindano yangu na mbwa wangu, nikawa nimemwondoa tena.

Akaniuliza kitu kimoja zaidi. "Na hapo chini ya hiyo mifupa, unaweza kuniambia hayupo?"

Mwenye shimo alikuwa karibu, na kaka yangu pia. Nilijua jibu walilolitaka.

"Siwezi," nikasema. "Naweza kukwambia hii si yake. Ya chini sijaiona."

Nilichofanya baada ya hapo kilinitoka nikiwa na hofu kuliko wakati wowote siku ile. Nilimwendea naibu wa chifu nikamwambia kwamba mifupa ya kale iliyopatikana ardhini ni mali ya nchi, kwamba lazima watu wa makumbusho waarifiwe, na kwamba mpaka waje, udongo wa pale hauwezi kutupwa bila kuchekechwa. Hayo yote ni kweli. Lakini sikuyasema kwa ajili ya makumbusho, na nadhani naibu wa chifu alilijua hilo. Alimtazama yule mama, akatoa daftari lake. Akasema polisi atawajulisha kuwa ni mnyama, lakini shimo litasimama, na akaniuliza majina yangu kamili ili ayaandike.  Mwenye shimo hakunigombeza. Alimgeukia tu kaka yangu akamtazama, kisha akaenda zake.

Jioni hiyo kaka yangu aliniambia, "Umenimaliza." 

Nilianza kuchekecha Jumatano, kwanza lundo lililokuwa limeshatolewa, kisha udongo wa pembeni mwa shimo. Wachimbaji wawili walikubali kunishushia na kunipandishia ndoo. Yule mama, ambaye alikuwa amefikia kwa ndugu yake karibu na pale, alikuja asubuhi akasimama akiniangalia, halafu akavuta karai lake akaketi upande wa pili wa chekeche. Sikumwambia aondoke. Macho yake yalikuwa bora kuliko yangu. Maisha yake yote ametoa changarawe na makombe kwenye omena, na kitu kidogo kisicho mahali pake kilimjia mkononi chenyewe. Kufikia mchana alikuwa anatofautisha jiwe na mfupa kwa uzito tu.

Lakini kila chekeche lilipolia kwa kitu kigumu, sote wawili tuliacha kupumua. Niliona hivyo kwake na nilijua naye anaona kwangu. Nilianza kuogopa vitu vidogo, mizizi, vipande vya mti, chochote chepesi. Kilicho kizito kilinipa raha, kwa kuwa kizito ni cha kale.

Ijumaa aliinua kitu akaniwekea kiganjani. Ilikuwa taya ya chini, nusu, kahawia iliyokoza, na meno matatu bado yamesimama. Hata yeye aliona kwamba si ya mtu. Meno ya mtu ni kama vilima vilivyolala, haya yalikuwa makali kama msumeno. Mchimbaji mmoja akasema ni fisi. Nilimwonyesha kwamba fisi ana magego manene ya kuvunjia mifupa, na nyuma ya lile jino kubwa la kukatia hana gego jingine tena. Hapa nyuma yake kulikuwa na gego dogo, na nyuma ya hilo dogo lilionekana tundu la mzizi wa jingine. Ilikuwa jamii ya mbwa. Lakini mbwa gani?

Jibu lilikuwa kwenye lile jino kubwa. Sehemu yake ya mbele ni kisu. Nyuma ya kisu kuna kisigino kifupi. Kwa bweha, na kwa mbwa wetu wa nyumbani, kisigino hicho kina ncha mbili, moja kila upande, na kijibonde katikati. Nilitoa taya kwenye katoni tukaangalia pamoja, ncha mbili. Kisha tukaangalia ya shimo. Ilikuwa na ncha moja tu, katikati, imenolewa kama kisu cha pili. Hivyo ndivyo alivyo mbwa mwitu, yule mwenye madoa na masikio makubwa ya mviringo anayewinda kwa makundi, ambaye siku hizi haonekani kabisa upande wetu.

Nilipiga picha nikamtumia mtafiti mkuu. Nilimwandikia ninachodhani, nikafuta, nikaandika tena nikiwa nimeongeza neno "labda". Majibu hayakuja siku hiyo. Kila dakika niliangalia simu, na mara mbili nilirudi kwenye taya nikiwa na hakika kwamba ile ncha ya pili ilikuwepo na imesagika tu kwa uzee.

Tukiwa tunachekecha mama aliniuliza kama hao mbwa, mmoja wao akipotea, wenzake walikuwa wanamtafuta. Nikamwambia wa siku hizi, wakitengana, huitana, na mgonjwa wao huachiwa nyama. Nikamwambia wa zamani hizo sijui. Akatikisa kichwa, akaendelea kutikisa chekeche.

Jumamosi hakuja. Ni Msabato, alikwenda kanisani. Nilichekecha peke yangu nikiomba nisipate chochote, kwa sababu sikujua ningefanya nini na kitu kama hicho mpaka arudi. Sikupata kitu ila meno mawili ya panya.

Jumapili, kutoka upande unaokaribiana na lile shimo la zamani, ndoo moja ilikuja na soli ya buti la mpira. Niliiona kabla yake. Nilifikiria kuifunika na udongo, na naandika hapa kwamba mkono wangu ulishaanza kusogea. Lakini alikuwa ameiona. Aliichukua, akaipeleka kwenye ndoo ya maji, akaiosha kwa utaratibu kama anavyoosha samaki. Akapitisha kidole gumba ukingoni mwake kote, akaigeuza, akapitisha tena. 

"Si yake," akasema mwishowe. "Yake ilipasuka, nikamshonea mimi kwa uzi wa wavu. Ningeona matundu."

Akaniwekea soli pembeni mwa miguu yangu. Alikuwa amefanya kazi ileile niliyoifanya mimi Jumanne, kwa kidole gumba tu.

Watu wa makumbusho walifika Jumatatu. Walikuwa wawili, wenye adabu. Walipitia trei zangu, wakahamisha vipande viwili kutoka kwa mbwa kwenda kwa swala, masikio yangu yakawaka moto. Taya waliiangalia kwa kioo cha kukuzia, wakaangaliana, na mmoja akaniuliza nani aliyeiona. Nikamwonyesha yule mama. Walimpa mkono. Walichekecha siku mbili zaidi, wakapima, wakapiga picha, wakafunga kila kitu kwenye pamba. Hawakupata mfupa hata mmoja ambao haukuwa jiwe. Walipoondoka, naibu wa chifu akafungua shimo, na mashine zikaanza kusaga kabla vumbi la gari lao halijatulia.

Ujumbe wa mtafiti mkuu ulikuwa umeshafika. Aliandika kwamba ni jamii ya mbwa mwitu, kwamba nimeona sawa, na kwamba neno "labda" nililiweka mahali pake. Nilisoma ule ujumbe mara nyingi. Nilitegemea utaniondolea kitu kifuani na haukuniondolea.

Kaka yangu hakuitwa tena kwenye shimo lile. Alikaa wiki kadhaa bila kazi, kisha akapata kamba nyingine kwa mtu mwingine. Hajawahi kunilaumu tena kwa mdomo. Ila siku hizi nikimwuliza habari za kazi hunijibu "nzuri" tu, neno moja.

Miezi ilipita. Mwisho wa mvua yule mama alituma watu waniite Muhuru. Familia ilikuwa imeamua kuzika yago. Kwetu, mtu akipotea na mwili wake usipatikane, ndugu huchukua tunda refu la mti wa yago, hulivika na kulilaza kaburini kama mtu, ili jina lake lipate mahali na waliobaki waendelee kuishi. Kwa miaka minne wazee walikuwa wamemsihi akubali na akakataa, akisema hawezi kuzika tunda wakati mtoto yupo. Wengine wa kanisani kwake hawakuipenda mila hiyo, lakini siku ile walikuja, wakasimama nyuma, wakaimba.

Nilikuwa na hofu ya kwenda. Nilidhani atanitazama na kumwona mtu aliyemnyang'anya. Aliniketisha karibu naye, na mkwe wake akaniletea chai. Mazishi yalipokwisha alinichukua mpaka mahali omena zilipoanikwa, akainama, akaanza kutoa takataka kwenye wavu huku akiongea. Nilimwuliza ni kwa nini alikubali.

"Zile siku za kuchekecha," akasema. "Nilikuwa nadhani nikipewa nafasi nitampata. Nikapewa. Nikaona udongo ulivyo mwingi."

 Niliinama upande wa pili wa wavu nikamsaidia. Tulifanya kazi mpaka jua likawa kali na mkwe wake akaja kutuita tule. Baada ya kula niliaga, kwa sababu kesho yake kulikuwa na magunia mapya ya kusafisha huko kambini. Alinisindikiza mpaka barabarani, akaniuliza kama bado ninayo ile mifupa ya mbwa wangu. Nikasema ninayo, kambini, ambako mama mkwe haioni. Akasema niitunze vizuri, na niache kuificha.